Kiwanja, Shamba au Hema: Njia Tatu za Kuifuatilia Ardhi ya Mji wa Bath, Virginia

Anayeanza kuchunguza miji ya kwanza ya Marekani hukwama mapema, kwa sababu kumbukumbu za ardhi ni nyingi, zimetawanyika, na kila aina huonyesha watu tofauti. Mji wa Bath, ambao wengi leo wanaufahamu kwa jina la Berkeley Springs katika jimbo la West Virginia, eneo ambalo zamani hizo lilikuwa sehemu ya Virginia, ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Ni mji mdogo uliojengwa chini ya mlima, penye chemchemi za maji ya uvuguvugu, yapata nyuzi 23 za Selsiasi kiangazi na kipupwe. Uliundwa kwa sheria mwaka 1776, mwaka uleule ambao makoloni 13 yalijitangazia uhuru, ukapewa jina la Bath ya Uingereza iliyosifika kwa maji yake tangu enzi za Warumi.

Mwanafunzi wa historia, mwalimu anayetafuta mfano wa darasani, au mtu anayetafuta ukoo wake katika eneo hilo, ana milango mitatu ya kuingilia. Anaweza kufuata viwanja vilivyouzwa kwa mnada ndani ya mji. Anaweza kufuata mashamba makubwa yaliyotolewa na bwana mwenye nchi nje ya mji. Anaweza pia kuwafuata wale waliofika kila kiangazi na kukaa bila kumiliki chochote. Nimejaribu hapa kuipima milango hiyo kwa vipimo vilevile, ili kila msomaji achague kulingana na anachokitafuta.

Vipimo vyenyewe ni vitano. Cha kwanza ni kitu gani hasa mtu alikipata: kipande cha mji, ekari za shamba, au mahali pa kulala tu. Cha pili ni masharti aliyowekewa. Cha tatu ni usalama wa haki yake, yaani kama angeweza kuirithisha, kuiuza, au kunyang'anywa. Cha nne ni umbali wake na maji, maana bila maji hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda kwenye bonde lile lililobanwa na milima. Cha tano kinamhusu mtafiti wa leo: ni maandishi gani yamebaki, na yako wapi.

Kiwanja cha mnada

Sheria iliyoanzisha mji ilipitishwa na Bunge la Virginia katika kikao kilichoanza Oktoba 1776, na utangulizi wake unaeleza nia bila kuficha. Wagonjwa wengi walikuwa wakienda kwenye chemchemi hizo kila mwaka kutafuta afya, na hapakuwa na nyumba za kuwatosha. Bunge liliona kwamba ardhi ikigawanywa viwanja na kuuzwa, wanunuzi watavutwa kujenga nyumba za kuwahifadhi wagonjwa hao. Kwa hiyo ekari 50 zilizopakana na chemchemi, sehemu ya ardhi kubwa ya Lord Fairfax, bwana mwenye nchi, zilikabidhiwa kwa baraza la wadhamini ambao waliagizwa kuzipima viwanja vya robo ekari kila kimoja, pamoja na mitaa, kisha waviuze kwa mnada wa hadhara. Hesabu rahisi inaonyesha kwamba hata kama mitaa isingechukua hata futi moja, viwanja visingezidi 200. Ulikuwa mji mdogo tangu kwenye karatasi.

Kilichonunuliwa, basi, ni robo ekari yenye namba. Kilichobaki nje ya mauzo ndicho ninachokiona kuwa jambo kubwa kuliko yote katika sheria hiyo: maji yenyewe hayakuuzwa. Chemchemi, isipokuwa moja kubwa iliyofaa kuogea, ziliwekwa mikononi mwa wadhamini kwa matumizi ya umma. Mwenye kiwanja alinunua ujirani na maji, na aliyekuwa na viwanja viwili hakuwa na haki kubwa zaidi ya kuoga kuliko maskini aliyefika kwa miguu. Hadi leo eneo la chemchemi ni bustani ya umma, ambapo watu huja na vyombo kuteka maji.

Sharti lilikuwa kujenga. Mnunuzi alitakiwa kusimamisha nyumba ya kuishi ndani ya muda uliowekwa, na asipofanya hivyo wadhamini waliweza kukichukua kiwanja na kukiuza tena. Sharti la namna hii lilikuwa la kawaida katika sheria za miji ya Virginia, kwa kuwa wabunge walijua kuwa matajiri wangeweza kununua viwanja na kuvifungia mikononi wakisubiri bei ipande. Pale Bath sharti lilikuwa na uzito wa ziada: kiwanja kitupu hakikumsaidia mgonjwa aliyehitaji paa usiku huo.

Mfano unaoeleweka zaidi ni wa George Washington. Mnada ulipofanyika Agosti 1777, yeye hakuwepo. Wiki hizo alikuwa akiliongoza jeshi lake kupitia Philadelphia kwenda kumkabili Jenerali Howe wa Uingereza, aliyekuwa akishusha askari wake katika ghuba ya Chesapeake. Hata hivyo alipata viwanja viwili, namba 58 na 59, kwenye kona ya mitaa ya Fairfax na Mercer. Miaka saba ilipita. Septemba 1784, vita ikiwa imekwisha, alifika Bath, akachukua ramani ya mji, akavikagua viwanja vyake na kupatana na James Rumsey amjengee. Rumsey alikuwa mwenye nyumba ya wageni pale mjini, na ndiye yuleyule ambaye Desemba 1787 aliendesha boti ya mvuke kwenye mto Potomac mbele ya watu wa Shepherdstown.

Washington aliandika makubaliano hayo katika shajara yake kwa ukamilifu wa mtu aliyeanza maisha kama mpima ardhi. Nyumba iwe futi 36 kwa 24, yenye baraza la futi 7 kila upande. Chini yake iwepo stoo ya kuta za mawe, nusu ya ukubwa wa nyumba. Ghorofa ya chini iwe na vyumba vitatu, kimoja cha futi 24 kwa 20 na viwili vidogo vyenye meko za kwenye kona. Juu viwe vyumba viwili vinavyolingana, na ngazi ipitie barazani. Jiko na banda la farasi viwe na vipimo sawa, futi 18 kwa 22, na banda lichimbiwe kwenye mteremko ili sakafu iliyo juu yake iwe sawa na uwanja wa nyumba. Kazi ikamilike ifikapo tarehe 10 Julai mwaka unaofuata. Ukisoma maelezo hayo unaliona bonde: mahali penye mteremko mkali hivi kwamba banda linaweza kufichwa ardhini upande mmoja na kufunguka upande mwingine.

Katika orodha ya mali aliyoiambatanisha na wosia wake wa mwaka 1799, viwanja hivyo viwili vimetajwa kuwa viko mahali pazuri, vikiwa vimewahi kuwa na majengo ya thamani ya pauni 150, na amevikadiria kuwa dola 800. Mtu anayefuata mlango huu anaweza kukishika kiwanja kimoja tangu sheria, mnada, mchoro wa nyumba, hadi mirathi. Ni nadra kupata mnyororo mzima namna hiyo kwa kipande cha robo ekari.

Kuhusu usalama, mwenye kiwanja alisimama mahali pazuri kuliko inavyodhaniwa. Haki yake ilitokana na sheria ya Bunge, kwa hiyo mapinduzi yaliyoyumbisha milki za mabwana wakubwa hayakuitikisa sana. Kilichoitishia ni muda wa kujenga. Kiwanja kilipimwa kwa uwezo wa mtu wa kupata mafundi, mbao na fedha katikati ya vita, na hapo ndipo wengi walipolemewa.

Orodha ya waliohusika na mji ina kasoro ambayo mtafiti anapaswa kuijua mapema: ni ya watu waliofahamiana. Miongoni mwa wadhamini walikuwemo Bryan Fairfax, Samuel Washington aliyekuwa ndugu wa jenerali, na Warner Washington aliyekuwa binamu yake. Majina ya mitaa yanasimulia hayohayo, maana Washington na Fairfax wamo. Anayefuata viwanja peke yake atatoka na picha ya mji wa mabwana.

Kumbukumbu za mlango huu ndizo zilizo rahisi kuzifikia. Sheria yenyewe imechapishwa pamoja na sheria nyingine za Virginia za wakati huo. Hati za mauziano za miaka ya mwanzo zitafutwe katika mahakama ya kaunti ya Berkeley, mjini Martinsburg, na kuanzia mwaka 1820, kaunti ya Morgan ilipokatwa kutoka Berkeley na Hampshire, zitafutwe katika makao ya kaunti hiyo, ambayo yako hapohapo Bath.

Shamba la ruzuku

Nje ya zile ekari 50, ardhi yote kwa maili nyingi ilikuwa ya mtu mmoja. Thomas, Lord Fairfax wa sita, alirithi eneo lililoitwa Northern Neck, kati ya mito Potomac na Rappahannock, lenye zaidi ya ekari milioni tano. Mipaka yake ilibishaniwa kwa miaka hadi uamuzi wa Uingereza ulipotolewa mwaka 1745 na mstari ukapimwa mwaka 1746. Aliyetaka shamba hakwenda kwa serikali ya koloni bali kwa ofisi ya Fairfax. Alipewa kibali cha upimaji, mpima ardhi akazungushia mipaka kwa kamba na dira, kisha hati ikaandikwa katika daftari la bwana.

Ni kazi hiyo iliyomfikisha Washington kwenye chemchemi kwa mara ya kwanza. Machi 1748, akiwa na umri wa miaka 16, alifuatana na George William Fairfax na mpima ardhi James Genn kwenda kupima ardhi za familia hiyo ng'ambo ya milima, na tarehe 18 aliandika kwamba siku hiyo walipita kuziona chemchemi zenye sifa.

Kilichopatikana kwa njia hii kilikuwa kikubwa: mamia ya ekari, misitu, mito ya kusukuma mashine za kusagia, na nafasi ya kulima. Sharti kubwa lilikuwa malipo ya kila mwaka kwa bwana, kwa kawaida shilingi mbili kwa kila ekari 100. Ni kiasi kidogo, lakini kilikumbusha kila mwaka kwamba juu ya mwenye shamba yuko mwenye nchi. Wengine hawakupata hata hati hiyo, kwani Fairfax alikuwa na ardhi alizozikodisha kwa muda wa maisha ya watu watatu waliotajwa kwenye mkataba. Wa tatu akifa, ardhi inarudi.

Haki ya shamba ilikuwa ya kudumu na ya kurithiwa maadamu malipo yalifanyika, ila iliegemea jina la Fairfax, na jina hilo liliingia kwenye misukosuko. Fairfax alifariki Desemba 1781, na mwaka 1785 Virginia ikafuta yale malipo ya kila mwaka. Kwa mkulima aliyekuwa na hati safi, hiyo ilikuwa nafuu. Kwa ardhi ambayo haikuwa imegawiwa bado, ulikuwa mwanzo wa kesi zilizofika hadi Mahakama Kuu ya Marekani.

Kuna kitu ambacho hati hizi zote hazisemi, nacho ni kwamba nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Katika mkataba wa Lancaster wa mwaka 1744, Mataifa Sita ya Iroquois, muungano wa makabila ya wenyeji, yaliachia madai yao ya bonde la Shenandoah kwa Virginia. Washawnee, kabila jingine la wenyeji, ambao nao walikuwa wameishi na kuwinda katika nchi za juu za Potomac, hawakuwa wenye kutia saini hapo. Mtafiti anayeanza na daftari la Fairfax anaanza hadithi katikati, na inampasa kulisema hilo wazi katika kazi yake.

Kwa upande wa maji, mwenye shamba alikuwa mbali kidogo au mbali sana. Aliyekuwa jirani na barabara aliweza kunufaika kwa kuuza nyama, siagi, mboga na malisho kwa wageni wa kiangazi, biashara isiyohitaji kiwanja. Kumbukumbu zake ni nzuri ajabu: daftari za Northern Neck zimehifadhiwa katika maktaba ya jimbo la Virginia mjini Richmond, na zinaonyesha jina, ekari, mipaka na majirani. Udhaifu wake ni ukavu. Hati itakuambia mti wa mwaloni uliowekwa alama kwenye kona ya shamba, lakini haitakuambia aliyeufyeka msitu.

Hema na kibanda

Wengi kabisa waliofika kwenye chemchemi hawakuwa na kiwanja wala shamba. Miaka 15 kabla ya sheria ya mji, Agosti 1761, Washington alikwenda tena, safari hii akiwa mgonjwa wa homa, na barua aliyomwandikia kasisi Charles Green inatupa picha bora kuliko hati yoyote. Alikuta takriban watu 200, wanaume kwa wanawake, wenye maradhi ya kila aina, baadhi wakipata nafuu na wengine wakikosa. Jua la alasiri lilifichwa na mlima ikifika saa kumi, na ukungu ulikaa hadi saa tatu au saa nne asubuhi. Malazi hayakupatikana ila kwa kujijengea, na kwa maoni yake wengi waliumizwa zaidi na namna walivyolala kuliko walivyosaidiwa na maji. Yeye mwenyewe aliokolewa na hema alilolipata katika mji wa Winchester.

Barua hiyo na utangulizi wa sheria ya 1776 visomwe pamoja, kwa sababu tatizo ni lilelile. Kati ya maandishi hayo mawili kuna ushahidi mwingine wa thamani. Julai 1776, mhubiri wa Kimethodisti Francis Asbury alifika hapo akitafuta afya, akaandika katika shajara yake kuhusu nyumba aliyolala: ukubwa wake futi 20 kwa 16, ndani yake vitanda saba na watu kumi na sita, pamoja na watoto wenye kelele. Chumba kikubwa peke yake katika mchoro wa Washington wa 1784 kiliizidi nyumba hiyo nzima kwa futi za mraba 160.

Alichokipata mtu wa kundi hili ni msimu tu. Hakuwa na sharti la kujenga wala malipo kwa Fairfax, ila hakuwa na kinga pia: baridi ikianza aliondoka, na kibanda alichokiacha hakikuwa na mtu wa kukidai kisheria. Jambo moja alikuwa sawa na matajiri, nalo ni maji. Pengine alikuwa karibu nayo kuliko wengine, kwa kuwa mahema na vibanda viliwekwa palepale panapobubujika.

Ndani ya kundi hili wamo pia wale ambao kutomiliki kwao hakukuwa chaguo. Watumwa waliopelekwa na mabwana zao walipika, walitunza farasi, walibeba maji na kuwauguza wagonjwa, na sheria ya Virginia haikuwaruhusu kuwa na mali. Hakuna namba ya kiwanja iliyo na jina lao. Bado kila nyumba iliyotajwa hapo juu, pamoja na jiko la futi 18 kwa 22, ilipangwa kwa kudhani kwamba watakuwepo.

Kumbukumbu za mlango huu ni shajara na barua. Ni za kuvutia mno kusoma, lakini ziliandikwa na wachache waliojua kuandika na waliokuwa na muda. Zitumike kuonyesha hali ya maisha, na zisitumike kuhesabia watu.

Mlango upi kwa nani

Kwa mwalimu mwenye vipindi vichache, kiwanja kinatosha na kinafundisha vizuri. Sheria ni fupi, mfano wa namba 58 na 59 una mwanzo na mwisho, na swali la kwa nini maji hayakuuzwa linaweza kuzua mjadala wa darasa zima. Awape wanafunzi vipimo vya nyumba ya Washington na ile ya Asbury wavichore kwa kulinganisha, kisha wajadili.

Kwa anayeandika tasnifu kuhusu sheria ya ardhi, shamba la ruzuku lina kina zaidi, hasa kipindi cha 1776 hadi 1785, ambapo ardhi moja ilikuwa chini ya bwana wa kurithi, Bunge la mapinduzi na wadhamini wa mji kwa pamoja. Atahitaji uvumilivu wa kusoma daftari, na asiache mkataba wa 1744 nje ya sura yake ya kwanza.

Anayetafuta ukoo aangalie kwanza mababu zake walikuwa watu wa aina gani. Kama walikuwa wakulima, daftari za Northern Neck zitampa jibu haraka kuliko hati za mjini, kwa sababu viwanja vya Bath vilikuwa vya wachache, tena baadhi yao hawakuishi hapo. Kama walikuwa mafundi au wenye nyumba za wageni, mahakama ya Martinsburg ndiyo pa kuanzia. Azingatie pia tarehe: kabla ya 1772 kaunti ya Berkeley haikuwepo, na kumbukumbu za mahakama za upande huo zitafutwe Winchester, katika kaunti ya Frederick.

Anayeandika kuhusu afya, dini au maisha ya kila siku asipoteze muda wake kwenye hati. Aanze na barua ya 1761 na shajara ya 1776, kisha arudi kwenye sheria ya mji kuona ilikusudia kurekebisha nini.

Na kwa anayetafuta habari za watumwa waliofanya kazi penye chemchemi, milango yote mitatu ni mifinyu, lakini kuna pa kupenyea. Wosia na orodha za mali za marehemu za wenye viwanja na mashamba mara nyingi hutaja watu kwa majina na thamani waliyokadiriwa. Orodha za kodi ya mali binafsi za Virginia, zinazoanza mwaka 1782, husaidia kujua nani alimiliki watu wangapi katika kaunti ya Berkeley. Achukue majina ya wenye viwanja vya Bath, moja baada ya jingine, na kuyatafuta humo kwanza kabla ya kugusa kumbukumbu nyingine yoyote.